Utepe wa Ngazini

Nchi yenyewe ipo, wala si mbali, ila kwenye ramani hutaiona, kwa sababu ramani yake ilichorwa zamani na mpaka leo inasubiri kuzinduliwa. Ndivyo ilivyo nchi hiyo: kitu kisichozinduliwa hakipo. Daraja likijengwa likaisha, watu huendelea kuvuka mto kwa miguu, maji yamewafika kifuani, daraja linawatazama kutoka juu, mpaka aje mkubwa na mkasi akate utepe. Madawati mapya ya shule hupangwa vizuri darasani, yakafungwa utepe, na watoto wakakaa sakafuni kuyaangalia. Mvua ikiwahi kunyesha kabla ya hotuba ya msimu, raia mwema hujifanya hajalowa. Na msidhani watu wa huko wanalalamika. Hawalalamiki hata kidogo. Ofisi ya Malalamiko imeshajengwa, nzuri, ina vioo, inasubiri tu kuzinduliwa.

Basi katika nchi hiyo kulikuwa na mtaa wa maghorofa ulioitwa Fadhila. Wakazi wake zamani walikaa bondeni, kwenye nyumba zao za udongo, wana visima vyao na migomba yao. Siku moja ikaonekana kwamba bonde lile lina upepo mzuri, linawafaa zaidi mbwa wa Mkuu wa Nchi, ambao walikuwa hawana pa kutembelea. Watu wakahamishwa. Wakapewa maghorofa, bomba kila jikoni, wakaambiwa washukuru, nao wakashukuru. Mabomba yalizinduliwa kwa ngoma na vigelegele. Maji ndiyo hayakuzinduliwa. Ukifungua bomba la jikoni Fadhila unasikia upepo, na usiku mwingine mende.

Maji yalipatikana uani tu, kwenye bomba moja lililopinda, ambalo mafundi walilitumia kuchanganyia zege wakasahau kulifunga. Serikali haikujua kama lipo, na ndiyo maana lilikuwa linatoka.

Hapo bombani ndipo alipokuwa akikaa Bi Mwanaidi, kwenye gogo lake, tangu asubuhi. Alikuwa mtu mzima sana, magoti yamevimba kama maboga, naye alipata chumba cha chini. Hiyo ilikuwa bahati tu, maana vyumba viligawanywa kwa kura ili kusiwe na upendeleo. Vijana wacheza mpira walipata chini. Wajawazito walipata juu. Na shoga yake wa tangu bondeni, Bi Sikitu, muuza vitumbua, mwanamke mnene mwenye ulimi mkali, alipata ghorofa ya tano, juu kabisa, karibu na kunguru.

Bi Sikitu alipandisha ndoo zake mwenyewe mpaka siku aliyoteleza. Alishuka ngazi zote za ghorofa ya nne kwa mgongo, na ndoo ikamfuata. Nyonga ikavunjika. Toka siku hiyo hakuinuka tena kitandani.

Ndipo wanawake wa jengo lile walipoanza jambo lao. Hakuna aliyewaitisha mkutano. Bi Mwanaidi alijaza ndoo, akafunga kipande cha kanga kwenye mkono wa ndoo ili ijulikane ni ya mgonjwa, akaiweka kwenye ngazi ya kwanza. Wa ghorofa ya kwanza akaichukua akaipandisha mpaka mlango wa ya pili. Wa ya pili akaipandisha mpaka ya tatu. Hivyo hivyo, kila mtu ngazi yake, mpaka ikafika kwa Bi Sikitu, na ndoo tupu ikarudi chini njia ile ile. Baadaye ikaongezeka ya mzee kipofu wa ghorofa ya nne, na ya mzazi wa ya tatu, na ya yule aliyekuwa akikohoa. Mwenye nyumba ya njiani hata awe anagombana na jirani yake, hata wawe wameitana wachawi jana yake, ndoo yenye kipande cha kanga hailali ngazini. Wakaliita jambo lao Kila Mtu Ngazi Yake, na hilo ndilo lililokuwa jina, sheria na ofisi.

Tena walikuwa na ada moja. Mtu akifiwa, ndoo yake hufudikizwa mlangoni, mdomo chini. Hakuna haja ya kupiga kelele. Ukipanda ukaikuta ndoo imefudikizwa, unajua hapo hapatakiwi maji tena, panatakiwa wewe. Unavua viatu, unajifunika kanga kichwani, unaingia unasema poleni.

Bi Sikitu alilipa fadhila kwa matusi. Kila asubuhi sauti yake ilishuka kwenye uwazi wa ngazi, ghorofa hadi ghorofa, akiuliza kama watu wa chini wamekufa au wamelala na waume zao. Akishakunywa, husema maji ya leo yana ladha ya kwapa, na kwapa lenyewe ni la polisi. Hapo jengo zima hucheka, kwa sababu ngazi ya tatu ilikuwa ya mke wa Koplo Ngwale. Naye mke wa Koplo hujibu kutoka chini kwamba kesho atalifua. Bi Mwanaidi, pale kwenye gogo lake, alikuwa akisikia sauti ile ndipo anajua siku imeanza.

*

Aliyewagundua alikuwa Bwana Shaweji, Afisa Huruma wa eneo lile. Alikuja Fadhila kukagua shukrani. Kila mwaka Wizara ya Huruma hutuma afisa apite kwenye maghorofa aone kama watu bado wanashukuru kwa kiwango kilekile. Akapanda ngazi, akakanyaga maji, akaketi ghafla. Alipoinuliwa akauliza kwa nini serikali inalowa.

Wakamweleza. Alisikiliza huku anajipangusa, na uso wake ukaanza kuingia wasiwasi. Akauliza mwenyekiti ni nani. Hakuna. Katibu je. Hakuna. Mlezi, mgeni rasmi, dira, kaulimbiu. Hakuna, hakuna, hakuna.

"Sasa," akasema Bwana Shaweji, "mnajuaje kwamba mnasaidiana?"

"Ndoo inafika," akajibu Bi Mwanaidi.

Jibu hilo halikumridhisha. Akawaeleza kwa upole, maana alikuwa mtu mpole, kwamba katika nchi yao huruma ni mali ya Wizara. Mtu akimwonea mwenziwe huruma bila kibali, anawatangazia majirani kwamba kuna mwenye shida, na wenye shida wa eneo lile walikuwa bado hawajazinduliwa. Kosa hilo lina kifungo. Wanawake wakaangaliana. Mmoja akauliza kama wafungwa hupewa maji, na alipoambiwa ndiyo, akauliza pa kujiandikisha.

Walipona kwa sababu moja tu. Waziri wa Huruma alikuwa amealikwa nchi za nje kwenye mkutano mkubwa wa huruma, na hakuwa na cha kusema. Bwana Shaweji aliporipoti habari ya ndoo, ikaonekana kumbe ndicho kitu chenyewe. Usiku mmoja Kila Mtu Ngazi Yake ikalala kosa la jinai, ikaamka Mpango wa Taifa.

*

Wakaja na gari. Wakazichukua ndoo zote za jengo lile, na madumu, na ndoo za watu ambazo hazikuwa hata za wagonjwa, wakasema zinakwenda kupakwa rangi na kuchapwa picha ya Waziri akicheka. Zitarudi siku ya uzinduzi. Kisha wakafunga utepe.

Ulikuwa utepe mzuri, mwekundu, wa hariri, mpana kama kiganja. Waliufunga pale ngazi inapoanza, kutoka ukuta hadi ukuta, usawa wa kifua cha mtu, wakaweka fundo kubwa katikati kama ua. Bwana Shaweji akawakusanya watu, akawaeleza utaratibu. Serikali haina nia mbaya. Mkazi anayetaka kwenda kwake ataruhusiwa kupita chini ya utepe kwa kuinama, na kuinama huko kutahesabiwa kuwa ni heshima. Lakini mikono iwe mitupu. Maji yanayopanda ngazi sasa ni huduma, na huduma hiyo haijazinduliwa. Atakayepandisha maji kabla ya Waziri atakuwa amezindua yeye, yaani amejifanya Waziri, na kujifanya Waziri ni uhaini.

"Kwa hiyo watu wa juu wanywe nini?" akauliza mke wa Koplo.

"Wavute subira," akasema Bwana Shaweji. "Ni siku chache tu."

Kulinda utepe akawekwa Koplo Ngwale mwenyewe, mume wa yule mama. Waliona anafaa, kwa kuwa anaishi palepale na hatahitaji nauli. Kila jioni, zamu ikiisha, Koplo Ngwale alivua kofia, akainama chini ya utepe aliokuwa akiulinda, akapanda kwake, na mkewe akamnyima chakula. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuamriwa, na katika nchi hiyo hawa wawili ni shida kuwatofautisha.

Siku chache zikapita. Waziri hakuja. Redio ikasema yuko kwenye mkutano, amehutubia kuhusu ndoo za Fadhila, na watu wa mataifa wamesimama kumpigia makofi. Siku nyingine redio ikasema amealikwa nchi nyingine, akaeleze tena, na huko wakalia machozi. Mtangazaji akasema ni machozi mengi mno, na Bi Mwanaidi, pale bombani, alipowazia machozi yote yale yanamwagika chini bure, alizima redio.

Juu, watu walianza kukauka. Wenye miguu walishuka kunywa, wakapanda, wakashuka, mchana kutwa. Mama mwenye mtoto mchanga alishuka naye. Yule mzee kipofu walimteremsha mgongoni, akawa analala uani chini ya kamba za nguo. Bi Sikitu ndiye hakuteremka. Walimjaribu, watu wanne kwa shuka. Walipomnyanyua tu nyonga ikalia, naye akalia, kilio ambacho hawajawahi kumsikia nacho, wakamrudisha.

Ndipo wanawake wakabuni. Walishuka bombani na kanga zao, wakazilowesha chapachapa, wakajifunga mwilini, mikono mitupu, wakainama chini ya utepe, shikamoo Koplo, wakapanda. Kule juu wanazikamua kwenye sufuria. Maji yana rangi ya kanga, yana jasho, lakini ni maji. Mke wa Koplo alikuwa wa kwanza, akapita mbele ya mumewe anachuruzika kama bata, na mumewe akatazama dari.

Lakini kanga ina kiasi chake. Mpaka ifike ya tatu imeshamwaga nusu ngazini. Mpaka ifike ya tano, ni unyevu tu. Walimkamulia Bi Sikitu matone mdomoni, naye akasema ladha hii anaijua, na aliyevaa aache kula vitunguu. Wakacheka, kisha wakageuka wakalia kimya wasimwonyeshe.

Bwana Shaweji alipopita akaona ngazi zimelowa, akaelewa. Kesho yake likaja tangazo: mtu aliyelowa haruhusiwi kupanda mpaka akauke. Wakawekewa benchi juani. Wanawake wakaketi pale mstari mmoja, wanakaushwa na serikali, huku juu kuna mtu anakufa kwa kiu.

*

Bi Mwanaidi akaenda ofisini. Ilikuwa safari ya kwenda sokoni kwa mtu mwenye miguu. Kwake ilikuwa asubuhi nzima. Bwana Shaweji alimpokea vizuri sana, akamketisha kwenye kiti cha kuzunguka, akampa fulana yenye picha ya Waziri.

"Mwanangu," akasema Bi Mwanaidi, "sikuja kugombana. Ndoo mmechukua, haya. Utepe mmefunga, haya, ni mzuri. Mimi naomba kikombe kimoja cha maji kipite chini yake. Kimoja tu. Yule mwenzangu hawezi kushuka."

"Bibi yangu, nakuelewa kabisa. Hata mimi nina mama."

"Mama yako anakunywa nini?"

Bwana Shaweji akakohoa. Akasogeza kiti. Akamweleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto, kwamba hapa tatizo si maji, maji yapo. Tatizo ni kwamba Bi Sikitu ameteuliwa kuwa Mnufaika wa Kwanza. Waziri atapanda mpaka ghorofa ya tano, kamera nyuma yake, amnyweshe kwa mkono wake mwenyewe. Nchi nzima itaona.

"Sasa kikombe kikipita leo, Bi Sikitu atakuwa ameshakunywa. Waziri afike amkute hana kiu, mimi nitamweleza nini? Kiu yake imeshaingizwa kwenye ratiba, Bibi."

Bi Mwanaidi akamwangalia. Aliwahi kumwangalia hivyo mbuzi aliyekula sanda ya maiti.

"Na akifa?"

Bwana Shaweji akafikiri kwa bidii. Alikuwa mtu wa haki, hakutaka kujibu hovyo.

"Hawezi kufa kabla ya shughuli," akasema. "Hilo halimo."

Bi Mwanaidi akainuka. Fulana akaiacha kwenye kiti, nacho kikazunguka nayo kidogo.

Aliporudi, alisimama chini ya uwazi wa ngazi akaita. Juu kukajibu, lakini si kwa sauti. Bi Sikitu alikuwa akigonga sakafu kwa mwiko wake wa vitumbua. Alipogonga, wa ya nne akagonga kwake, wa ya tatu akagonga, mpaka mlio ukamfikia Bi Mwanaidi chumbani chini, kama ndoo inavyopanda, ila huu ulikuwa unashuka. Alijua maana yake. Shoga yake alikuwa akimtukana. Akalala anasikiliza.

Asubuhi, redio ikatangaza kwamba Waziri amerejea salama na leo mchana atazindua Fadhila. Mwiko haukugonga.

*

Bi Mwanaidi hakujaribu kikombe. Hakujaribu kanga. Alikwenda bombani, akanywa, asimeze. Alijaza mdomo mpaka mashavu yakavimba, akafunga midomo, akaja zake kwenye utepe.

Kuinama hakuweza, magoti yalikataa. Basi akaketi chini sakafuni kama mtoto, akajisukuma kwa makalio akapita chini ya hariri ile, akashika ukuta akainuka. Koplo Ngwale alikuwa amesimama palepale.

"Shikamoo, Bibi," akasema.

Katika mtaa ule hakuna mtu aliyewahi kuamkia asiitikiwe na Bi Mwanaidi. Hata wezi aliwaitikia. Koplo akangoja. Bi Mwanaidi akamtazama, mashavu yamejaa, machozi yanamlengalenga kwa uzito wa ukimya ule. Koplo akaelewa. Akageuka, akawapa mgongo, yeye na utepe wake, akawa anaulinda kutoka upande wa nje.

Alipanda. Kila ngazi aliikanyaga kwa miguu yote miwili, kwanza huu, halafu huu, ameshika ukuta. Kwenye kila mlango watu walitoka wakamwamkia, na kila mlango alipita bila kuitikia, nao wakasogea. Mke wa Koplo alitaka kumshika mkono, akamkatalia kwa kichwa. Alikuwa anapumua kwa pua, inapiga mluzi. Ghorofa ya nne alipumzika ameegemea ukuta palepale alipoteleza mwenzake. Hakumeza. Kiu ilikuwa imemshika mwenyewe, na maji yako mdomoni, na hakumeza.

Mlango wa Bi Sikitu ulikuwa wazi. Mwiko ulikuwa umeanguka sakafuni, mkono unaning'inia juu yake. Mdomo ulikuwa umefunguka kidogo, midomo imepasuka kama tope la kiangazi, na nzi mmoja alikuwa akitembea juu yake bila haraka yoyote, kama mkaguzi.

Bi Mwanaidi alisimama. Maji alikuwa nayo mdomoni, na sasa hayakuwa na pa kwenda. Kuyameza hakuweza. Kuyatema hakuweza. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akamwinamia, akayaachia kidogo kidogo viganjani mwake, akamwosha uso shoga yake. Kisha akasema marahaba, moja kwa ajili ya Koplo na nyingine kwa ajili ya kila mlango aliopita bila kujibu, na ndipo akalia.

*

Bwana Shaweji alipopewa habari alishtuka sana, akauliza ni nani aliyeidhinisha. Halafu akatulia. Aliwaomba watu wasilie mpaka Waziri aondoke, maana kilio kingeingia kwenye vipaza sauti. Maiti aliweza kusubiri. Yeye alikuwa hana haraka tena. Mnufaika wa Kwanza atatangazwa kuwa amepata udhuru, na Bi Mwanaidi atapokea kwa niaba.

Waziri alikuja na bendi. Uani palijaa viti, mahema, maua ya plastiki. Ndoo zilirudi zimepangwa mezani, zinang'aa, kila ndoo ina uso wa Waziri akicheka. Ya Waziri mwenyewe ilikuwa ya rangi ya dhahabu.

"Ndugu wananchi," akasema Waziri, "walikuwepo wasiotutakia mema, waliosema maji hayapandi. Serikali yenu sikivu ikakaa, ikatafakari, ikathubutu. Leo maji yanapanda. Kabla yetu, ndugu zangu, mlikuwa mkisaidiana gizani. Sasa mtasaidiana kisheria."

Makofi. Bendi. Akaita jina la Bi Sikitu, na Bwana Shaweji akamnong'oneza habari ya udhuru, na Waziri akasema anamtakia afya njema.

Bi Mwanaidi akasogea. Kulikuwa na kipaza sauti cha wananchi pembeni, kizuri, kimefungwa utepe. Akasema bila kipaza sauti:

"Amekufa kwa kiu, Mheshimiwa. Maji yalikuwa hapa. Ninyi mlifunga ngazi."

Waliokaa mbele walisikia. Bendi nayo ilisikia, ikapiga kwa nguvu zaidi. Waziri akatabasamu, akamkabidhi ndoo, akageuza uso kwenye kamera.

Bi Mwanaidi aliipokea kwa mikono miwili. Akaibeba mpaka pale ngazi inapoanza, chini ya utepe, akaifudikiza. Mdomo chini, na uso wa Waziri ukasimama kwa kichwa, bado unacheka.

Upande wa wakazi watu wakasimama. Mmoja akavua viatu. Mke wa Koplo akapokea ndoo yake, akaipeleka, akaifudikiza kando ya ile. Akafuata mwingine, na mwingine, wanawake wamejifunika kanga vichwani, miguu mitupu, na Koplo Ngwale akavua buti zake za serikali akaziweka chini ya utepe, moja huku, moja huku. Bendi ilikuwa inapiga wimbo wa furaha.

Waziri akamwinamia Bwana Shaweji, akauliza wanafanya nini. Bwana Shaweji, aliyekuwa amekagua kila kitu Fadhila isipokuwa watu wake, hakujua. Lakini afisa hawezi kusema hajui.

"Ni mila yao, Mheshimiwa. Ndiyo heshima ya juu kabisa."

"Nami nifanye?"

"Utakuwa umewaheshimu sana."

Waziri akavua viatu. Akaibeba ndoo yake ya dhahabu, akaifudikiza mbele ya zote, kamera zikimmulika. Mke wa Koplo akamgeukia.

"Poleni," akasema.

"Tumeshapoa," akajibu Waziri kwa furaha, akachukua mkasi, akakata utepe.

Hapo hapo wanawake waliziinua ndoo, wakaenda bombani. Bi Mwanaidi akaketi kwenye gogo lake akajaza. Maji yakapanda, kila mtu ngazi yake, nyuso za Waziri zinapishana kwenye ngazi zikicheka, ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka juu. Wapiga picha walifurahi. Kesho yake magazeti yakaandika kwamba maji yamefika ghorofa ya tano. Ni kweli, yalifika. Ndiyo aliyooshewa Bi Sikitu akazikwe.

*

Lile bomba la uani, kwa kuwa sasa serikali ilijua lipo, lilifungwa wiki ileile.

Waziri naye alikuwa ameipenda mila ya Fadhila. Aliagiza, na Baraza likapitisha, kwamba kila ofisi ya serikali nchini iweke mlangoni ndoo iliyofudikizwa, ya rangi ya dhahabu, kuonyesha heshima ya juu kabisa kwa wananchi. Mpaka leo zipo. Ukienda kwa mkuu wa wilaya, ipo. Ukienda mahakamani, ipo. Ikulu ipo, kubwa, ya saruji, juu ya nguzo. Na watu wa Fadhila wakienda mahali hapo kwa shida zao, huvua viatu mlangoni, huingia wameinamisha vichwa, husema poleni, na wakubwa hufurahi kwamba siku hizi raia wana adabu.

Bi Mwanaidi alikwenda kwa Bwana Shaweji kuulizia bomba. Bwana Shaweji alikuwa amepandishwa cheo, ana ofisi ya zulia. Bi Mwanaidi alifika mlangoni, akaiona ndoo. Akavua kandambili. Akajifunika kanga yake kichwani, akaingia, kiti akakikataa, akaketi chini kwenye zulia, miguu ameinyoosha mbele.

"Poleni kwa msiba," akasema.

Bwana Shaweji akacheka, akamwambia ainuke, hapa hapana msiba, nani amekufa.

"Ninyi, mwanangu," akasema Bi Mwanaidi. "Mmekufa siku nyingi. Ni vile tu hamjazinduliwa."

Akakaa pale kidogo, kiasi cha mtu kukaa matangani asionekane ana haraka. Kisha akajiinua kwa kushika meza ya serikali, akavaa kandambili zake mlangoni, akaenda kutafuta maji.